Ngamia wa Deeq

Treni ilikuwa imeshatoka Emali, na Gathoni, kikapu cha maparachichi ya Kilungu miguuni, hakuwa na nia ya kusikiliza mambo ya watu. Lakini kijana wa kiti cha mbele alikuwa na sauti ya mnadani. Behewa zima lilishajua anashuka Kibwezi.

"Hii gemu ya ngamia, ya kucheza kwa simu, nimeingoja miaka mitatu," alimwambia msichana wa buibui aliyekutana naye hapo kitini tu. "Kila mara ni 'tuvumilieni.' Wanaoitengeneza ni watu wawili tu huko Kitui, wamelala!"

"Na zile kampuni kubwa za ng'ambo? Si nazo huchelewesha?"

"Hao ni tofauti. Hao wanatengeneza kitu safi."

Kumbe hata uvivu hupewa heshima ukiwa wa tajiri, Gathoni aliwaza.

"Mimi mwezi jana niliwaandikia," kijana akacheka. "Nikawaambia, kufeni na ngamia wenu."

"Niliusoma ujumbe wako," msichana akasema. "Mimi ni Farhiya, mmoja wa hao wawili wa Kitui. Mwenzangu alikuwa ndugu yangu, Deeq. Alichora kila ngamia na alama ya ukoo wake shingoni, hakutaka kurudia hata moja. Uliingia siku ya tatu baada ya kumzika."

Gathoni alijishika mdomo.

"Lakini si mngesema!" kijana akafoka.

"Tulisema. Tuliandika 'tuvumilieni.'"

Treni ikasimama Kibwezi. Farhiya akashuka. Kijana hakuinuka.