Mluzi wa Marehemu

Basini, bibi mmoja mjane alimwambia muuza nyama aliyeketi naye kwamba jana mvua ya mawe ilimuulia mbuzi wawili.

"Mlango wa zizi ulikuwa wazi, mwanangu, ila hawakuingia. Wamezoea mluzi wa marehemu mume wangu. Mimi nikiwaita, wananitazama tu."

"Si upige mluzi wewe, mama?"

"Kwa meno gani?" Akaonyesha pengo ambalo hata mbuzi angepita.

"Basi niuzie waliobaki kabla mvua haijawamaliza."

"Niwauze, nibaki namsubiri nani?"

Muuza nyama, ambaye huruma haikuwa biashara yake, akauliza mluzi wenyewe ulikuwaje. Unaanza chini, akaambiwa, halafu unapanda kama swali. Akajaribu, akakosea. Alipoupatia, mjane aligeuka upesi akatazama mlangoni.

Basi likasimama. Hakupanda mtu.