Kijana wa Nyuma ya Nguzo

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani mliofika kutufariji, familia imemteua dada mkubwa wa marehemu awasomee historia hii, naye amekubali, ingawa kati ya wote waliopo ndiye aliyestahili zaidi kunyamaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1996, katika chumba cha pili cha nyumba hii hii, kitinda mimba wa baba mwashi na mama mshonaji, na kwa kuwa uchungu ulimjia mama ghafla, dada huyu, wakati huo ana miaka minane, ndiye aliyechemsha maji.

Alianza darasa la kwanza mwaka 2003, akamaliza sekondari Novemba 2014, kwa alama ambazo baba alizisoma mara mbili kisha akaikunja karatasi, maana kijana hakuwa mtu wa vitabu isipokuwa kimoja, na hicho alikisoma mpaka jalada likang'oka.

Tarehe 2 Februari 2015 aliajiriwa kwa dobi wa nyuma ya soko, akaanzia kwenye beseni, akapandishwa kwenye pasi, na kwa karibu miaka tisa suti nyingi mnazoziona hapa leo zilipita mikononi mwake, ila yeye mwenyewe alikuja ibadani na shati moja la bluu lililopauka kola, hata vijana wenzake wakambandika jina la Babu, naye akaitika.

Mwaka 2021, kanisa lilipoanza kurusha ibada mtandaoni, kamati ya vijana iliamua safu tatu za mbele zikaliwe na wenye suti na tai za rangi moja, na aliyekabidhiwa kupanga watu alikuwa dada huyu anayewasomea, mkuu wa wahudumu wa mlangoni, mwenye msalaba wa dhahabu kifuani unaoonekana hata na walio nje. Jumapili ya kwanza alimshika mdogo wake mkono, akamtoa safu ya pili alikozoea kupiga magoti tangu utotoni, akampeleka nyuma ya nguzo, ambako kamera haifiki. Hakununa. Wajane na wagonjwa waliokaa huko wakazoea kumngoja baada ya ibada awaombee, kwa sauti ya chini, bila kipaza sauti.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa. Mwaka 2022 alimchumbia mwimbaji wa kwaya, uchumba ukavunjika baada ya miezi minne, kwa maelezo kwamba ni mwema lakini hana mwonekano, na wema, kama mjuavyo, hautoki vizuri kwenye picha. Hakuacha mtoto.

Juni 2023 miguu ilianza kuvimba, akaendelea kusimama kwenye pasi mpaka Oktoba, daktari alipogundua figo zote mbili zimechoka, na tarehe 29 Januari mwaka huu akalazwa wodi namba nne. Vijana walikwenda kumwona mara moja, wamependeza kweli kweli, wakapiga picha kando ya kitanda, na alipoomba mmoja wao amwombee wakatazamana, ikabidi mgonjwa awaombee wao.

Jumapili tarehe 11 Februari muuguzi alimpigia simu dada yake, naye dada akatoka katikati ya ibada, akamkuta mdogo wake anahema kwa shida.

"Dada, niombee," akasema. "Maneno mawili tu."

Dada alifungua mdomo. Alikuwa na beji, alikuwa na msalaba, alikuwa na miaka kumi na mitano ya kuwakaribisha watu kwa Bwana, na hakupata hata neno moja, akampigia mchungaji, simu ikaita bure kwa kuwa ibada ilikuwa hewani, akampigia kiongozi wa maombi, vilevile, mwisho akamwambia mdogo wake wamsubiri mchungaji.

"Haya, dada, tusubiri," akajibu, kama anayembembeleza mtoto.

Walisubiri. Saa tano na dakika kumi asubuhi alifariki, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotuchotea maji, dobi na wafanyakazi wenzake waliofunga duka siku tatu, na wale wa nyuma ya nguzo, ambao tangu jana wanaomba hapa bila kuambiwa.

Ratiba inasema msomaji afunge kwa sala fupi. Dada yake anaomba mtu mwingine, yeyote yule, aje amsaidie.

Pumzika sasa, mdogo wetu, kwa amani.