Giza Lianzie Kwangu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wenzake wa kazini mliokaa upande ule kama mnasubiri kikao, mimi ni mdogo wake marehemu, yule aliyekanyaga nchi kumi na moja na hajadumu katika kazi moja zaidi ya miaka mitatu, familia imenipa kusoma wasifu wake kwa ajili ya koo langu kubwa tu, maana kipaza sauti leo hakifanyi kazi, na sababu mtaisikia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1976, kisha chuo kikuu, alikohitimu uhandisi wa umeme tarehe 8 Novemba 1980, mwanamke pekee katika darasa la watu arobaini, na picha ya mahafali niliipiga mimi, nikamkata kichwa.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa na shirika la umeme, akaanza kwa kukagua transfoma, akapanda ngazi hadi ukurugenzi mkuu mwaka 2004. Tarehe 20 Desemba 1984 aliolewa na mwalimu wa hisabati, shemeji yetu huyu, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 2006 mvua ziligoma, mabwawa yakakauka, akaandika ratiba ya mgao wa umeme kwa mkono wake, hospitali akaagiza zisiguswe, na mtaa wa kwanza kuzimwa ukawa huu wake, Jumanne na Ijumaa kuanzia saa nane mchana, majirani wakambandika jina Mama Zamu. Nilimpigia simu kutoka ng'ambo, “Dada, mwenye kisima unakufa kiu?” akanijibu, “Giza lianzie kwangu, wewe, ndipo nitajua urefu wake.” Alipostaafu mwaka 2012 akawa mshauri wa sera wizarani, na neno hilo akaliingiza kwenye mwongozo wa mgao, kwa Kiswahili cha ofisini ambacho mpaka leo sijakielewa.

Mapafu yalianza kumsumbua Agosti 2022, mwaka huu akawa anapumua kwa mashine nyumbani, nami nikarudi kumuuguza, mvua nazo zikagoma tena, mgao ukarudi. Hapa naungama mbele yenu, ni mimi niliyewaomba wenzake kwa siri wauruke mtaa huu, nao kwa mapenzi wakakubali. Ijumaa ile saa nane ikapita, feni ikaendelea kuzunguka, Dada akaitazama, akanigeukia, akasema, “Umenifanya mwizi uzeeni.” Siku tatu hakunisemesha, mzee mzima nikalilia jikoni, Jumatatu akapiga simu mwenyewe turudishwe kwenye ratiba, na Jumanne mashine ikaendeshwa kwa betri, mimi nimekaa pembeni macho kwenye saa, naye akanishika goti, “Acha kuhema hivyo, utanimalizia hewa,” nikajua nimesamehewa.

Alilazwa tarehe 9 Juni 2024, akafariki Jumanne tarehe 11, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, katika hospitali ambayo haijazimwa kwa mgao tangu ratiba ile ya kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta betri bila kuitwa, na ninyi wenzake, mliokuja jana kuuliza kama leo Ijumaa umeme ubaki hadi tumalize, shemeji akatikisa kichwa, binti akatikisa kichwa, nami, ambaye safari hii sikuthubutu hata kuwaza, nikatikisa changu. Saa nane imeshapita, feni zimesimama, ndiyo maana napayuka.

Pumzika kwa amani, Dada, giza limeanzia kwako, na wa viti vya nyuma wote wamesikia.