Kaidi wa Lukozi na Kipande Kilichokatwa

Asiyeamini nitakayoyasema na anyooshe mkono sasa hivi, kabla jeneza halijashuka, maana huyu babu yangu, Sefania Shekiondo, aliwahi kuwachekesha Wazungu wa Lushoto mpaka mmoja akaanguka na kiti chake, na mimi Fanueli, mjukuu na mtani wake, niliyeacha shule darasa la tatu na mwalimu akamshukuru Mungu, ndimi niliyepewa na ukoo kusoma wasifu wake, kwa kuwa nina sauti kuliko wote na sura kuliko marehemu.

Alizaliwa Bungu tarehe 4 Machi 1898, akasoma shule ya misheni hadi 1911, na huko, kwenye igizo la Krismasi, alipewa kuwa mchunga kondoo, akasinzia mbele ya malaika, akakoroma, kanisa zima likaangua kicheko, akachapwa, lakini kazi yake akawa ameijua. Alihamia hapa Lukozi, akamwoa bibi yetu Efrazia tarehe 11 Juni 1921, wakajaliwa watoto watatu, akawa mkulima wa mchana na mwigizaji wa jioni, Lushoto, Korogwe hata Tanga, na hakuna karani, mlevi wala mama mkwe aliyesalimika.

Agosti 1950 watu wa sinema wa serikali walimtaka aigize Kaidi, mkulima anayekataa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, mvua ikamsombea shamba, naye akakubali, akamwiga na bwana shamba anavyopanda mlima akihema huku kashika suruali, mpaka mwenye kamera akajifuta machozi, lakini sinema ilipoonyeshwa hapa gulioni kwenye shuka nyeupe, bwana shamba alikuwa amekatwa, kabaki babu peke yake akigaagaa matopeni, na sauti ya mtu wa Dar es Salaam ikisema, mtazameni mjinga huyu. Mlicheka, msikatae, wewe mzee Hassani kofia ilikudondoka, ila kesho yake wakaguzi walipopita kutulazimisha kwa sheria kuchimba matuta, mkasema Sefania katuuza.

Tangu hapo hakupata shikamoo hata ya mtoto, na mama zetu, migongo imepinda kwa matuta, walimwita, we Kaidi, umekuja kutupiga picha tena? Akajaribu kuwachekesha, akaiga hata mbuzi anayezaa, wakamtazama tu, na mchekeshaji akitazamwa tu, amekwisha kufa, anangoja jeneza. Mwaka 1953 alisafiri miezi miwili, mkasema kafuata sinema nyingine. Bibi Efrazia alipofariki tarehe 9 Mei 1954, mlimzika kule kanisani haraka haraka, hakuna aliyelala matanga, babu akaigiza jikoni, akawa yeye mwenyewe, akawa bibi pia, mtazamaji nikawa mimi, na sikuweza kucheka.

Aliugua kifua Januari mwaka huu, akafariki Jumapili tarehe 17 Juni 1956, akiomba azikwe hapa shambani kwake, nyuma ya migomba, ambako hamjakanyaga miaka sita. Ukoo unawashukuru waganga na wauguzi wa Lushoto, waigizaji wenzake waliotoka Korogwe, na ninyi majirani, mliokuja, hata kama mmekuja kuhakikisha.

Sasa, ile safari ya 1953 niliiruka, kwa sababu alinikataza, alisema mchekeshaji akianza kujieleza hafai tena. Haikuwa sinema, ilikuwa jela, na hakimu alipomtambua kuwa ndiye yule wa sinema alicheka kwanza, ndipo akamfunga. Kosa lake mmelikanyaga. Tazameni chini ya miguu yenu, kuanzia migombani mpaka kule mtoni, mteremko wote huu, hakuna tuta hata moja. Ninyi mlichimba.

Lala kwa amani, babu, safari hii hakuna kipande kilichokatwa.