Mzee Breki na Namba Sita Wetu wa Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha rangi, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa pia kocha wa timu ya kiwanda, Mzee Breki anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Siku hiyohiyo timu yenyewe inavunjwa. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike wasifu wa kuchangamsha, wa kusomwa kwenye hafla ya kumuaga, kwa kuwa nilikuwa msaidizi wake na mwalimu wa makipa, na kwa kuwa mimi mtunza ghala ndiye niliyekula naye chakula cha mchana miaka yote hiyo. Nimejaribu kuchangamka. Mtakaoona nimeshindwa mnisamehe, maana tangu tushuke daraja sina hamu hata ya kunyoa ndevu.

Aliingia hapa kijana, akibeba ndoo katika chumba cha kuchanganyia rangi, akapanda mpaka akawa msimamizi wa zamu. Chumba chenyewe mnakijua: matangi juu, ngazi ya chuma inayoteremka mpaka sakafuni, na feni moja inayopiga kelele bila kuleta upepo. Waliofanya kazi chini yake wanakubali kwamba hakuwahi kumfokea mtu. Alifunga ndoa akiwa na rangi ya kijani kwenye kucha, na mkewe anasema mpaka leo hajawahi kuziona kucha za mumewe zikiwa kama za watu wengine.

Jina la Breki alijipachika mwenyewe bila kujua. Siku alipokabidhiwa timu alisimama kantini akasema kwamba gari bovu la injini linakulaza njiani tu, lakini gari bovu la breki linakuua, na breki ya timu ni namba sita, yule kiungo mkabaji anayesimama mbele ya mabeki. Kantini nzima ilicheka. Kesho yake hakuna aliyemwita kwa jina lake tena, na nadhani hata mshahara ungeandikwa Breki angeupokea bila kuuliza.

Makocha wengine wakitafuta kiungo mkabaji humtazama huyo kiungo. Yeye aliwaendea mabeki. Kila mwanzo wa msimu alimchukua beki mmojammoja, akazunguka naye uwanja taratibu, akamuuliza jambo moja tu: anaogopa nini. Beki akijifanya haogopi kitu, Mzee Breki alicheka, akazunguka naye tena, na tena, mpaka mtu wa watu akachoka akasema kweli. Mmoja alikiri anaogopa mpira wa juu. Mwingine alikiri kwamba akiletewa mpira miguuni huona giza. Hapo ndipo alipokwenda kutafuta namba sita. Alikuwa akiniambia kwamba hakuna kiungo mkabaji mzuri wala mbaya, yupo anayewafaa watu wako na yupo asiyewafaa, basi.

Ukiwa na mabeki wazito, alisema, watafutie mtu wa kukaa palepale mbele yao, asiondoke hata akitukanwa. Ukiwa na mabeki wepesi wa kuziba mianya, unaweza kumfungulia mkimbizaji akawasumbue watu mbele huko, kwa sababu akipitwa wapo wa kumfichia aibu. Na ukiwa na mabeki wanaobutua mpira ovyo, tafuta mpiga pasi, mtu wa kuupokea, kuutuliza na kuupeleka kwa wenzake.

Mpiga pasi wetu aliyevuma ni yule tuliyemwita Bukta Safi. Meneja wa wakati huo alilalamika kikao kizima kwamba haiwezekani mtu acheze dakika tisini, katika uwanja wetu wenye tope, halafu atoke na bukta kama katoka kufuliwa. Mzee Breki alimjibu kwa upole kwamba siku bukta ya kijana yule itakapochafuka, meneja ajue kuna mwenzake aliyekosea kwanza. Mwaka huo tulimaliza wa pili na meneja akawa anawasimulia wageni kwamba Bukta Safi ni chaguo lake.

Kuna msimu mwingine tulikuwa na mabeki wawili wa kati walioshindana kwa unene na umri. Akawaletea Kisiki. Kisiki hakukimbia, hakuteleza, hakupiga chenga, na mashabiki walimzomea kuanzia mechi ya kwanza kwa sababu walidhani tumesajili mlinzi wa geti. Lakini watu walipotaka kupita katikati walimkuta yupo. Hata mimi nilichelewa kumuelewa, na ubishi wetu juu yake uliharibu wali wa siku nyingi.

Sasa nifike kwenye msimu huu, ambao ningekuwa na uwezo ningeuruka.

Nahodha wetu, beki wa kati wa kulia, ni mkwe wa Mzee Breki. Alimuoa binti yake mkubwa. Siku ya posa, wazee wa pande zote wakiwa wamekaa sebuleni, Mzee Breki alimsifia kijana kwa sentensi moja, kwamba huyu namjua, huyu hakimbiwi na mtu, yaani hakuna mshambuliaji wa kumwacha kwa mbio. Wakwe walifurahi, na sentensi ile ikawa inarudiwa kila palipokuwa na sherehe katika familia. Nahodha aliibeba miaka tisa.

Mwanzoni mwa msimu uongozi ulituambia mambo mawili. Nafasi ya usajili ni moja tu, na timu ikishuka daraja inavunjwa. Kila mtu alijua maana yake, kwa sababu vijana wote wa timu waliajiriwa hapa kwa ajili ya mpira na wanakaa katika nyumba za kiwanda. Tulikuwa tumewajaribu viungo wakabaji wawili. Mmoja alikuwa Kizingiti, mtu wa kukaa mbele ya mabeki, mkimya mpaka unamsahau. Wa pili alikuwa Kupe, mkimbizaji, anayemganda mtu mpaka mtu aombe kutolewa. Kumpata mmoja ilikuwa kumwacha mwingine.

Mzee Breki akafanya kama kawaida. Alizunguka uwanja na Ngazi, beki wetu mrefu wa kushoto, na mzunguko wa pili haukuisha kabla Ngazi hajakiri kwamba anaogopa watu wanaogeuka na mpira katikati na kumjia wakikimbia. Halafu akazunguka na Nahodha. Akamuuliza. Nahodha, macho chini, akasema, siogopi kitu, baba.

Angekuwa beki mwingine wangezunguka mpaka jua lizame. Lakini mkwe ni mkwe. Baba mkwe hamshiki mkwewe koo amwambie unadanganya, wala mkwe hasimami mbele ya baba wa mke wake akaanza kutaja anachoogopa. Walizunguka mara moja, wakaulizana hali za nyumbani, wakaagana. Mzee Breki akaja ghalani akaniambia hesabu yake: Ngazi anahitaji mtu wa kuwazuia watu wasigeuke, Nahodha haogopi kukimbizana, basi tunamchukua Kupe. Kwa alichoambiwa, alichagua sawasawa. Kizingiti alikwenda timu ya kiwanda cha sabuni, nao wamemaliza wa tatu.

Kumbe goti la kulia la Nahodha lilikuwa limeshakwisha tangu likizo. Alikuwa akilifunga bandeji kabla ya kuja mazoezini, anavaa suruali ndefu juu yake, na jioni mkewe anamkanda kwa maji moto. Binti alijua. Angefanyaje? Akimwambia baba, amemuumbua mume. Akinyamaza, anamwacha baba akosee. Alinyamaza, na sina ubavu wa kumlaumu.

Kupe alipendwa haraka. Alikimbia, aliwaganda watu, alikusanya kadi za njano kama mtu anayelipwa kwa kila moja, na jukwaa likaimba jina lake. Nyuma yake palibaki uwazi ambao lori lingeweza kugeuzia. Ilikuwa kazi ya Nahodha kuuziba, na Nahodha alifika amechelewa, mechi baada ya mechi. Mashabiki walimtukana Ngazi. Mzee Breki alianza kuacha chakula. Aliniuliza mara nyingi amekosea wapi, akapanga sahani na vikombe mezani kama mabeki na viungo, akavipangua.

Zikiwa zimebaki mechi mbili, alikuwa chini kwenye chumba cha rangi alipomwona Nahodha akishuka ile ngazi ya chuma. Alikuwa anashuka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye bomba la kushikia, mguu mmoja tu ndio unaotafuta kidato. Mzee Breki alirudi nyuma ya mashine asionekane. Baadaye alikuja ghalani, akafunga mlango, akanieleza alichokiona, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona mtu huyu akilia.

Nilimwambia amuweke Nahodha benchi. Alisema akimweka benchi ataulizwa kwa nini, na akijibu, mkwe wake amekwisha, kiwandani na nyumbani. Nilimwambia asipoziba ufa atajenga ukuta. Alisema anajua. Badala yake alimwita Kupe, akamwomba mechi hizo mbili akae mbele ya mabeki asitoke, awe Kizingiti. Mechi ya kwanza Kupe aliweza, tukapata sare. Lakini kumwambia mtu abadili mchezo wake kwa wiki mbili ni kujidanganya, na sisi tulikuwa tumebakiwa na hilo tu.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare nyingine. Mpaka dakika za lala salama hapakuwa na goli. Kisha mpira ukaponyoka karibu na mstari wa pembeni, na Kupe, damu yake ikamshinda, akaufuata. Wakampita kwa pasi moja. Mshambuliaji wao alipokea pale alipotakiwa kuwepo Kupe, akautanguliza mpira pembeni mwa Nahodha na kuanza kukimbia. Nahodha aligeuka, goti likakataa. Uwanja mzima ulimwona akiruka na mguu mmoja, mkono mbele, kama anayetaka kumshika mtu bega. Kipa wangu alitoka akafungwa chini ya mikono.

Wapo wanaotuambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tumekubali. Wiki hii vijana wanarudisha funguo za nyumba, Kupe amekwenda bila kuaga, na kwenye goli la upande wa kaskazini wameshaanza kupanga mapipa matupu. Nimekaa ghalani siku nzima nikitafuta jambo jema la kusema juu ya haya yote. Silioni.

Kwenye kikao na uongozi Mzee Breki alisimama akasema kosa ni lake peke yake, kwamba alichagua aina ya namba sita isiyotufaa. Goti hakulitaja. Kocha wa miaka ishirini na miwili amekubali kuondoka akiitwa mtu asiyejua kuchagua kitu kimoja ambacho alikijua kuliko wote. Nilitaka kuinuka niseme, akaniangalia, nikakaa.

Mnaosikiliza mtajiuliza kwa nini basi nayaandika. Nahodha mwenyewe alikuja ghalani juzi akaniomba. Aliketi juu ya pipa, mguu umenyooka, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye ameumbuka pamoja na watu ambao hawakuficha chochote. Alisema amejaribu mara tatu kwenda kwa baba mkwe wake. Kila mara wanakaa, wanaulizana hali, watoto wanasalimia, chai inanywewa, anarudi nyumbani na maneno yake mdomoni. Akaniomba niyaweke hapa ili yasomwe mbele ya wale wale waliosikia kwamba kosa ni la kocha. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa. Alichoniagiza Nahodha ni hiki: kwamba alikuwa anaogopa, kwamba hakuwaogopa washambuliaji, alimwogopa yule mzee aliyesema sebuleni huyu hakimbiwi na mtu.

Kwa niaba ya chumba cha rangi, ghala, kantini na timu ambayo leo ndiyo siku yake ya mwisho, tunakushukuru, Mzee Breki. Ulitupa miaka mingi ya kubishana tukiwa na furaha. Tunakuombea afya, usingizi mzito, na mchana mrefu usio na mtu wa kukuuliza nani anaanza. Siwezi kukuahidi kwamba haya yatapoa. Mimi hayajanipoa.

Mkwe wako alipangiwa kiti mstari wa pili, karibu na mlango. Ameniambia hataweza kukutazama wakati haya yanasomwa, na kwamba huenda akatoka kabla ya mwisho. Nimemwomba abaki, sijui kama amebaki. Kama yupo, nenda ukakae naye. Kama kiti ni kitupu, toka nje umfuate sasa hivi, usingoje makofi. Kwa goti lile, hajafika mbali.