Figo Ichanjwe Hukohuko Iliko

FUNDI MAKOCHI: Haloo? Nani mwenzangu?

NESI: Nesi wa chumba cha chanjo, hospitalini. Ni Fundi Makochi, mgonjwa wa figo?

FUNDI MAKOCHI: Ndiye mimi. Habari za kazi, dada?

NESI: Salama. Fundi, damu uliyotolewa kwenye mashine ya kusafisha damu imepimwa. Dozi tatu za chanjo ya homa ya ini umechomwa, lakini kinga ni sifuri.

FUNDI MAKOCHI: Ahaa. Hiyo sawa.

NESI: Sawa vipi? Daktari anataka kuahirisha upandikizaji—

FUNDI MAKOCHI: Asiahirishe. Kinga ipo. Iko kwa mdogo wangu.

NESI: Rudia, mtandao unakwaruza.

FUNDI MAKOCHI: Mdogo wangu ndiye aliyekuja kuchomwa kwa kadi yangu. Si ndiye anayenipa figo? Nikaona tuichanje hukohuko iliko, ije tayari.

NESI: Fundi—

FUNDI MAKOCHI: Zangu zimeshakufa, dada. Nani anachanja maiti?

NESI: Kinga haikai kwenye figo, kaka yangu. Aliyekingwa ni yeye. Wewe uko mtupu kabisa.

FUNDI MAKOCHI: Haitakuja hata kidogo?

NESI: Hata tone. Na nyie wagonjwa wa figo dozi yenu ni mara mbili ya watu wengine. Kila alipokuja nilimchoma mabega yote mawili.

FUNDI MAKOCHI: Yote mawili?

NESI: Siku ya kwanza alizimia. Nikamwambia nenda kapumzike, urudi kesho. Akagoma. Akasema kuna mtu anamsubiri.

FUNDI MAKOCHI: Huyo mtu ni mimi.

NESI: Wewe?

FUNDI MAKOCHI: Mimi. Kwake sindano ni kifo, tangu utotoni. Dada, figo kweli nilitaka ichanjwe. Lakini pia nilitaka nione kama atakimbia. Asiyeweza sindano, kisu atakiwezea wapi?

NESI: Hakukimbia.

FUNDI MAKOCHI: Mara zote tatu alirudi akasema haiumi. Nami namgombeza karakana nzima inasikia, mbona hanyanyui kochi, mvivu we. [mkwaruzo] Najisikia vibaya, dada.

NESI: Njoo leo na bega lako mwenyewe. Daktari niachie mimi.

FUNDI MAKOCHI: Nakuja. Naja naye.

NESI: Yeye wa nini tena? Muache apumue.

FUNDI MAKOCHI: Wa kunishika mkono. Mimi mwenyewe sindano siziwezi.

NESI: Wewe? Si unachomwa za mashine kila wiki?

FUNDI MAKOCHI: Hizo nazo huwa ananishika yeye.

NESI: Haya, njooni wote. Kabla ya saa tisa, na usisahau ka—

[simu imekatika]