Jiwe Chini ya Kiti

Kombi ilikuwa ikikwea vichochoro vya Taxco, mji wa mlimani huko Meksiko, kwa kukohoa. Dereva alikuwa akiiuza, na wazee wawili walioketi mbele ya abiria Ofelia, mtu na mkewe, walikuwa wamepanda kuijaribu.

"Injini hii inataka kufunguliwa yote, Evaristo," mke alinong'ona, mnong'ono uliomfikia hata dereva. "Inahema kama wewe ukifunga viatu."

"Na mimi bado hujaniacha, Chayo."

"Wewe nimeshakuzoea."

"Magoti yako hayaziwezi tena ngazi za kwa dada yako. Tangu Pasaka hujamwona. Mimi nataka nikushushe mlangoni kwake, basi."

Chayo akayapapasa magoti yake. Ofelia, aliyemsikia akimkosoa mumewe tangu sokoni, hakujua kama mama huyu anaweza kuacha kubisha.

Kwenye mwinuko wa kanisa injini ilizimika. Dereva alikanyaga breki, lakini kombi ikaanza kurudi nyuma polepole. Chayo akachomoa chini ya kiti lile jiwe ambalo kila gari la mlimani hulibeba, akashuka na magoti yake yaleyale, akalikaza nyuma ya gurudumu, kombi ikatulia.

"Jiwe lenyewe dogo," alimnung'unikia mumewe. "Tukiinunua, lile letu la kuzuia mlango litafaa zaidi."